Elektroliti kali, elektroliti dhaifu na visivyo elektroliti: jinsi ya kuvitofautisha kwa fomula na kwa jaribio

Sukari inayeyuka vizuri kabisa, mbona haipitishi umeme? Asidi ya HF inakula kioo, mbona inaitwa dhaifu? Nikizidisha siki, si itakuwa kali? Maswali haya hayaishi kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na karibu yote yana chanzo kimoja: mambo matatu yamechanganywa. La kwanza, kitu kinayeyuka majini au hakiyeyuki. La pili, kimetiwa kiasi gani. La tatu, katika kile kilichoyeyuka, ni sehemu gani imegawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji. Hilo la tatu ndilo peke yake linaloamua kama kitu ni elektroliti kali, dhaifu au si elektroliti.

Nadharia ya kukutosha ni hii. Ndani ya maji, umeme hubebwa na ioni. Elektroliti kali ikiyeyuka, karibu yote inakuwa ioni. Elektroliti dhaifu inagawanyika sehemu ndogo tu: asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki, ikiwa na ukolezo wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) kwenye nyuzi 25, ni kama molekuli 13 tu katika kila 1,000 zilizogawanyika. Kisicho elektroliti kinatawanyika majini molekuli zake zikiwa nzima, kwa hiyo hakuna cha kubeba umeme. Basi, tuingie kazini.

Sehemu ya kwanza: kutambua kwa fomula

Hii ndiyo njia ya mtihani, na ndiyo inayopaswa kutangulia jaribio ili ujue unatarajia nini. Unahitaji karatasi, kalamu na jedwali la elementi. Fuata hatua kwa mpangilio wake, usiruke.

1. Jiulize kama kitu kinayeyuka majini. Mafuta ya kula na CCl₄ havichangamani na maji, na havina ioni: andika "si elektroliti" uendelee na kingine. Kama ni chumvi isiyoyeyuka kirahisi, mfano AgCl au BaSO₄, iweke kando, tutairudia chini.

2. Tafuta metali au NH₄ ndani ya fomula. Ikiwepo, na kitu kikawa chumvi inayoyeyuka, hiyo ni elektroliti kali: NaCl, KNO₃, CuSO₄, NH₄Cl. Hapa wengi huteleza kwenye CH₃COONa. Wanaona CH₃COO mwanzoni wanadhani ni asidi ya siki, kumbe Na imekaa mwishoni. Hiyo ni chumvi, na ni kali, ingawa asidi iliyoizaa ni dhaifu.

3. Kama ni haidroksaidi ya metali, angalia metali yenyewe. Haidroksaidi za kundi la kwanza (LiOH, NaOH, KOH na wenzake) pamoja na Ca(OH)₂, Sr(OH)₂ na Ba(OH)₂ ni elektroliti kali. Ca(OH)₂, yaani chokaa iliyozimwa, inayeyuka kidogo, gramu 1.7 hivi kwa lita, lakini kile kidogo kinachoyeyuka kinagawanyika. Mg(OH)₂ na Al(OH)₃ vitabu vingi vya shule huziweka kwenye besi dhaifu. Mtihani ukiuliza, jibu hivyo, ila ujue kwamba kinachozifanya zisipitishe umeme ni kutoyeyuka.

4. Kama fomula inaanza na H, au ina COOH, ni asidi. Sasa kumbuka orodha fupi ya asidi kali: HCl, HBr, HI, HNO₃, H₂SO₄ na HClO₄. Asidi nyingine utakazokutana nazo sekondari ni dhaifu: CH₃COOH, H₂CO₃, H₃PO₄, HF, HNO₂, H₂SO₃, H₂S. Kukariri asidi sita ni rahisi kuliko kukariri dhaifu zote, kwa hiyo kariri hizo sita na nyingine zipange kwenye dhaifu. Maji, H₂O, nayo ni elektroliti, lakini dhaifu mno.

5. Kama ni amonia, NH₃, au jamaa zake kama CH₃NH₂, ni elektroliti dhaifu. Usiichanganye amonia na NH₄Cl. NH₄Cl ni chumvi, imeshaamuliwa kwenye hatua ya 2.

6. Kinachobaki, hasa kampaundi za kaboni zisizo na COOH wala metali, si elektroliti: sukari C₁₂H₂₂O₁₁, glukosi C₆H₁₂O₆, ethanoli C₂H₅OH, gliserini, urea CO(NH₂)₂. Onyo kuhusu ethanoli: OH yake imeshikana na kaboni kwa kifungo kisichoachia ioni majini. Haihusiani na OH ya NaOH. Kuona OH mwishoni mwa fomula hakutoshi kuiita besi. Na kuona NH₂ ndani ya urea kusikurudishe kwenye hatua ya 5. Urea majini inabaki molekuli.

7. Andika mlinganyo, maana mshale ndio unaompa msahihishaji ushahidi kwamba umeelewa. Kwa kali, mshale mmoja: HCl → H⁺ + Cl⁻. Kwa dhaifu, mshale wa pande mbili: CH₃COOH ⇌ H⁺ + CH₃COO⁻. Kwa kisicho elektroliti, molekuli ile ile inatoka upande wa pili bila chaji: C₁₂H₂₂O₁₁(s) → C₁₂H₂₂O₁₁(aq). Ukiweka mshale mmoja kwa siki umesema imegawanyika yote, na alama inakwenda.

Sasa zile tulizoziweka kando. AgCl inayeyuka chini ya miligramu 2 katika lita nzima ya maji. Hicho kiasi kidogo kinakuwa ioni, kwa hiyo kwa tafsiri kamili ni elektroliti kali isiyoyeyuka kirahisi. Katika jaribio, lakini, haitaonyesha kitu. Swali likisema "mmumunyo wa", jibu kwa kinachoyeyuka. Likisema "inapitisha umeme vizuri", jibu kwamba haipitishi, utaje sababu ni kutoyeyuka. Chumvi pia zina mkaidi mmoja anayejulikana, HgCl₂, ambayo huyeyuka lakini nyingi hubaki molekuli. Hiyo ni dhaifu. Ni sumu, ijue kwa jina tu.

Na hali ya kitu ina uzito wake. NaCl kavu haipitishi umeme kwa sababu ioni zake zimefungwa mahali pamoja. Iyeyushe majini, au ipashe moto hadi iyeyuke yenyewe kwenye nyuzi 801, itapitisha. Ukiulizwa kuhusu "chumvi" bila kuambiwa hali yake, taja hali kwanza, kisha jibu.

Sehemu ya pili: kutambua kwa jaribio

Vifaa vya kuandaa kabla ya kugusa kitu chochote:

- betri moja ya volti 9 na klipu yake
- LED nyekundu ya kawaida (si zile zenye mwanga mkali sana)
- rezista ya omu 330. Mistari yake ni chungwa, chungwa, kahawia
- penseli mbili za mbao, zilizochongwa pande zote mbili
- waya laini vipande vinne na vibanio vyake
- kipande cha kadibodi ngumu, rula na msasa laini
- glasi sita zinazolingana, au chupa za plastiki zilizokatwa
- maji yaliyokenekwa, lita sita hivi pamoja na ya kusuuzia
- chumvi ya mezani, sukari, siki nyeupe ya asilimia 5, na mbolea ya urea kama ipo
- multimita yenye kipimo cha miliampia, kama unaweza kuazima

Maji yaliyokenekwa yanapatikana vituo vya mafuta na maduka ya vipuri, kwa jina la maji ya betri. Soma lebo mara mbili. Kwenye rafu hiyo hiyo huwekwa asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki iliyokolea kiasi cha kuunguza ngozi na kupofua. Ikiwa chupa haina lebo, usiinunue.

Na onyo ambalo halina mjadala: usitumie umeme wa ukutani, hata kwa "kujaribu mara moja". Volti 230 au 240 ndani ya glasi ya maji ya chumvi inaua. Betri ya volti 9 inakupa kila unachohitaji.

1. Tengeneza kipimio. Kutoka upande chanya wa betri, unga rezista. Kutoka rezista, unga mguu mrefu wa LED. Kutoka mguu mfupi, unga penseli ya kwanza. Penseli ya pili unga moja kwa moja na upande hasi wa betri. Waya ubane kijiti cheusi (grafaiti) cha juu ya penseli, sio mbao. Usiiache rezista: bila hiyo LED itaungua mara ya kwanza penseli zitakapogusana.

2. Toboa matundu mawili kwenye kadibodi, sentimita 2 kutoka moja hadi lingine, upitishe penseli humo. Kadibodi ikikaa juu ya glasi, penseli zibaki wima na umbali usibadilike. Weka alama milimita 5 kutoka ncha za chini. Utatumbukiza hadi hapo tu. Kina hiki kina sababu yake: ukizamisha penseli sentimita mbili tatu, eneo linalogusa maji linaongezeka, na siki inaanza kung'aa karibu kama chumvi. Wengi hapo ndipo wanapohitimisha kwamba "siki ni kali".

3. Pima kipimio chenyewe. Gusanisha ncha za penseli kwa sekunde moja. LED iwake kwa nguvu. Isipowaka, geuza miguu ya LED, kisha kagua vibanio. Usiendelee hadi iwake.

4. Tengeneza mimumunyo yenye ukolezo mmoja, 0.1 M. Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ndiyo inayolipa jaribio maana: ukilinganisha chumvi nyingi na siki kidogo, umelinganisha wingi. Kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa kila mara:
 - chumvi gramu 5.8, yaani kijiko kimoja cha chai cha mililita 5, kilichosawazishwa kwa kisu
 - sukari gramu 34, yaani vijiko vinane hivi vilivyosawazishwa
 - siki ya asilimia 5, mililita 120, kisha ongeza maji hadi ifike lita moja
 - urea gramu 6, yaani kijiko kimoja na nusu

 Gramu zinatofautiana kwa sababu molekuli ya sukari ni nzito: moli moja ni gramu 342, wakati moli ya NaCl ni gramu 58.5. Sukari unayoitia ni karibu mara sita ya chumvi kwa uzito, na bado haitawasha kitu. Hilo likuingie vizuri.

5. Mimina kila mmumunyo kwenye glasi yake, kimo kilekile. Glasi ya tano weka maji yaliyokenekwa matupu, na ya sita maji ya bomba. Andika majina kwenye glasi. Mimumunyo hii yote haina rangi na utaichanganya.

6. Anza na maji yaliyokenekwa. Tumbukiza ncha hadi kwenye alama, tazama LED kwa sekunde 3, toa. Fanya kazi kivulini, si juani wala gizani kabisa. LED isiwake, au iwe na nukta hafifu isiyoonekana bila kukaza macho. Hii ndiyo sifuri yako.

7. Endelea kwa mpangilio huu: sukari, urea, siki, maji ya bomba, chumvi. Kutoka dhaifu kwenda kali, ili tone linalobaki kwenye penseli lisiharibu kipimo kinachofuata. Baada ya kila glasi, suuza ncha kwa maji yaliyokenekwa na uzipanguse kwa tishu.

8. Andika matokeo palepale: haiwaki, inawaka hafifu, inawaka kwa nguvu. Ukiwa na multimita, iunge kwa mfuatano na LED usome miliampia. Kwa mpangilio huu, chumvi huwa kwenye miliampia 10 hivi, na siki kati ya 1 na 2. Sukari na urea zikae pale maji yaliyokenekwa yalipo.

Usidhani namba hizo ni kipimo kamili cha tofauti. Rezista na LED nazo zinauzuia umeme, kwa hiyo pengo linaonekana dogo kuliko lilivyo. Kwa mita ya upitishaji ya maabara, NaCl ya 0.1 M inapitisha umeme karibu mara 20 ya asidi ya asetiki ya ukolezo huohuo, na HCl karibu mara 75. Shule yako ikiwa na HCl na NaOH za 0.1 M, zipime mwisho, ukiwa na miwani ya kinga na mwalimu akiwepo. Kwa LED utaona HCl na chumvi zinawaka karibu sawa. Jicho halitofautishi hapo.

Jaribio la ziada linalostahili muda wako: chukua urea na mbolea ya CAN (kalsiamu amonia nitrati), kila moja kijiko kimoja katika nusu lita ya maji yaliyokenekwa. Shika glasi zote mbili. Zote zinapoa kidogo, kwa hiyo baridi haikuambii lolote. Tumbukiza penseli: urea inabaki kimya, CAN inawasha LED kwa nguvu kwa sababu ya ioni za NH₄⁺ na NO₃⁻. Punje za mchanga mweupe zinazobaki chini ya glasi ya CAN ni kabonati zisizoyeyuka, si kosa lako.

Mambo yanapokwenda kombo

*LED haiwaki hata kwa chumvi.* Gusanisha ncha tena kama hatua ya 3. Ikiwaka, tatizo ni penseli: kijiti kimevunjika ndani ya mbao, jambo la kawaida kwa penseli iliyoanguka sakafuni. Badilisha. Isipowaka, betri imekwisha au kibanio kimelegea.

*Nimetumia balbu ya tochi na haiwaki kwa chochote.* Balbu nyingi za tochi za zamani zinataka miliampia 300 hivi. Mmumunyo wa 0.1 M kwa penseli ndogo haufiki hapo. Chumvi haijawa dhaifu, ila balbu inakula umeme mwingi. Rudi kwenye LED.

*Sukari inawaka hafifu.* Umetumia maji ya bomba, au hukusuuza penseli. Maji ya bomba yana ioni za kalsiamu, sodiamu, kloridi na bikaboneti, na kwenye kipimio hiki huonekana kama elektroliti dhaifu. Ndiyo sababu glasi ya sita ipo. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji yake yanaweza kuwasha kwa nguvu kabisa. Pima maji matupu kwanza. Kama yanawaka, kila utakachokipima ndani yake kitawaka.

*Nimetumia glukosi ya dukani badala ya sukari na imewaka.* Soma kopo. Glukosi nyingi za unga huongezwa vitamini C na chumvi za kalsiamu au fosfati. Hizo ndizo zinazowasha. Kwa sababu hiyo hiyo pakiti ya ORS (ya kurudisha maji mwilini kwa mwenye kuhara) inawasha LED vizuri sana: ndani ya mchanganyiko wa lita moja wa WHO kuna glukosi gramu 13.5, lakini pia NaCl gramu 2.6, KCl gramu 1.5 na sitreti ya sodiamu gramu 2.9. Kifaa hakikuambii ni kipi kinachopitisha. Kinakuambia tu kwamba ioni zipo.

*Urea imewaka.* Mara nyingi ni mmumunyo wa jana, au kijiko kilichoguswa na udongo. Vijidudu vya udongo huvunja urea na kutoa amonia na kabonati, ambazo huleta ioni majini. Tengeneza mpya kwenye chombo safi na upime papo hapo. Sababu nyingine ni kijiko kilichotoka kwenye mfuko wa CAN au DAP.

*Mwanga unaanza vizuri kisha unafifia, na viputo vinajaa kwenye penseli.* Umeacha penseli ndani muda mrefu na elektrolisisi imeendelea mno. Viputo vya gesi vinafunika grafaiti na kuuzuia umeme. Sekunde 3 zinatosha. Toa, panguse, sugua ncha kwa msasa, rudia.

*Kuna harufu kama ya dawa ya kung'arisha nguo.* Hiyo ni klorini inayotoka kwenye penseli chanya ndani ya maji ya chumvi. Toa penseli, fungua madirisha, na usirudi kuiacha humo dakika nzima.

*Maji yamegeuka kijani au kahawia.* Umetumia waya wa shaba au misumari badala ya grafaiti. Metali inayeyuka na kuingiza ioni zake ndani ya maji, na matokeo yako hayahesabiki tena. Mwaga, osha, anza upya.

*Siki imezimuliwa sana, mbona sehemu iliyogawanyika inaongezeka? Imekuwa kali?* Hapana. Ukizimua asidi ya asetiki kutoka 0.1 M hadi 0.001 M, sehemu iliyogawanyika inapanda kutoka asilimia 1.3 hadi asilimia 12 au 13 hivi. Lakini ioni katika kila mililita zimepungua, na LED itafifia zaidi. Dhaifu inabaki dhaifu ikikolea au ikizimuliwa, kama ambavyo HCl inabaki kali hata tone lake moja likitiwa kwenye ndoo.

*HF ni hatari sana, inawezaje kuwa dhaifu?* Hatari ya HF inatokana na molekuli zake ambazo hazijagawanyika kupenya ngozi, kisha floridi yake kukamata kalsiamu ya mwili, na uwezo wake wa kula kioo. Kugawanyika kwake majini ni kidogo, asilimia 8 hivi kwa 0.1 M. Neno "dhaifu" linahesabu ioni tu, halisemi lolote kuhusu usalama. Ndiyo maana chupa yoyote ya asidi, kali au dhaifu, inashikwa kwa glavu na miwani, na asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.